Darasa la pili skuli za Kikatoliki wanasomeshwa nini hasa?

#1 Mama Nassir (Fuoni)
Assalaam aleikum wanabarza. Nina jambo limenikosesha usingizi tangu juzi, nalileta kwenu.

Mdogo wangu anaishi Marekani, jimbo la Ohio. Sisi ni Waislamu, lakini mwanawe amemtia skuli ya Kikatoliki kwa sababu iko karibu na kwake na aliipenda utulivu wake. Binti yuko darasa la pili. Mwanangu Nassir naye yuko darasa la pili, skuli ya serikali hapa kwetu, na wamepishana miezi minne tu kuzaliwa. Juzi tumepigiana simu ya video. Binti akamsomea mwenzake ukurasa mzima wa hadithi bila ya kusita, akamuonesha daftari la hesabu za mamia, akatazama saa ya ukutani kwao akasema "saa tisa na dakika ishirini na tano", na kwao ilikuwa asubuhi. Kisha akamwambia, haya nawe soma chako. Mwanangu akashika buku, akaanza "n-go-mbe wa ba-bu", akakwama, akalirejelea neno mara tatu, akatoka chumbani. Nimemkuta uwani analia.

Maswali yangu ni mawili. Hizo skuli za Kikatoliki darasa la pili wanasomesha nini ambacho sisi hatusomeshi? Na la pili, kuna skuli ya masista hapa Unguja wameniambia Januari watakuwa na nafasi. Mtoto yuko chuo cha Qur'ani, kafika katikati ya juzuu Amma. Nikimpeleka huko hatachanganyikiwa?

#2 Fundi Saleh
Waaleikum salaam. Pole dada. Mtoto anayelia kwa kushindwa kusoma anataka kusoma. Wa kumuogopea ni yule asiyejali.

#3 Mpitanjia
Siri ya hao ni kiboko na ukongwe. Masista wa Mkunazini wanasomesha tangu soko la watumwa lilipofungwa, kwa nini wasijue kazi?

#4 Kijana wa Shangani
@Mpitanjia hapo umechanganya. Kanisa la Mkunazini ni la Waanglikana, limeanzwa kujengwa 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa, na Askofu Steere aliyelijenga kazikwa mle mle ndani. Wakatoliki ni wale wa Minara Miwili, huku kwetu Shangani. Hilo lilijengwa miaka ya 1890, baada ya lile la Mkunazini. Lakini mapadri wao walikuwepo Unguja tangu 1860, kabla hata hawajavuka kwenda Bagamoyo mwaka 1868. Wote ni Wakristo, ila anayeuliza habari za Wakatoliki usimpeleke Mkunazini.

#5 Mpitanjia
Ahsante, nimesahihishwa. Kwetu Donge wote tukiwaita "wamisheni" tu.

#6 Ticha wa Dunga
Mama Nassir, mimi nasomesha darasa la pili, mwaka wa kumi na moja huu. Naomba unisikilize kidogo kabla hujamhukumu mwanao.

Kwanza hesabu ya miaka. Marekani mtoto hupita mwaka mmoja wa maandalizi ndani ya skuli ile ile kabla ya darasa la kwanza. Kwa hivyo darasa la pili kwake ni mwaka wa tatu wa kukaa darasani. Halafu wao huanza Agosti au Septemba na kumaliza Mei au Juni. Sasa hivi ni Mei. Binti yuko ukingoni mwa darasa la pili, Nassir hajafika hata nusu. Umewalinganisha anayetia nanga na anayeng'oa.

Pili, ulichokiona kule si kigeni kwetu. Kujumlisha na kutoa ndani ya mia, kisha mamia, kwa kubeba na kuazima, sisi tunafanya. Kuhesabu kwa mbili mbili, tano tano, kumi kumi, tunafanya. Kuijua saa, kupima urefu, fedha, mimea na wanyama, ramani ya mtaa, vyote vimo. Mimi nawafunga njukuti za ufagio kumi kumi kwa mpira. Wao wana vijiti vya plastiki. Kazi ni ile ile.

Tofauti ni kuwa darasa langu lina watoto 74 na tunaingia kwa mikondo miwili. Nikitaka kila mtoto anisomee dakika tatu tu, zinakwenda saa tatu na dakika arubaini na mbili. Mkondo wangu umekwisha, wa mchana wako mlangoni.

#7 Bi Mkubwa wa Malindi
Mwanangu Ticha, Mungu akupe nguvu. Sabini na nne!

Mimi nimesomeshwa na masista kabla ya Mapinduzi. Mwaka 1962 nilikuwa darasa la pili. Darasani tulikuwa Wagoa (watu wa Goa, India), Wahindi, Waarabu na sisi Waswahili wachache, na Wagoa ndio waliokuwa Wakatoliki wengi wa mji huu. Nakumbuka mwandiko: mistari miwili, herufi isitoke juu wala chini, kalamu ya kuchovya, na doa moja la wino unaanza ukurasa upya. Ijumaa imla. Sista anasoma maneno kumi mara mbili tu, hakuna ya tatu. Mchana kushona, mpaka leo mishono yangu ya kofia wanaisifu. Wagoa wakienda kwenye dini yao, sisi tulibaki na sista mwingine kwenye somo la adabu, usisengenye, usiibe, mheshimu mama yako. Jioni chuoni kwa maalim kama kawaida. Mwaka 1964 skuli zikataifishwa zote, na Septemba ile elimu ikatangazwa bure, wengi tukahama na madarasa yetu.

Kiboko nilikiona, si uongo. Lakini chuoni nilikiona zaidi.

#8 Mama Nassir (Fuoni)
Shikamoo bibi. Ahsante sana. Ticha, hapo pa miezi sikupafikiria kabisa, na nimejuta. Nimemwambia Nassir kuwa mwenzake yuko mbele kwa mwaka na zaidi, akaniuliza "kwa hivyo mimi si mjinga?" Nimeshindwa kumjibu kwa sauti, nimemkumbatia tu.

#9 Binti wa Katekista (Wete)
Mimi ni Mkatoliki wa Pemba, baba yangu alikuwa katekista, yaani mwalimu wa dini wa kanisa, nami nawafundisha watoto parokiani. Nijibu hilo la dini, maana naona watu wanalizunguka.

Kule Marekani darasa la pili ndio mwaka wenyewe. Huo ndio mwaka watoto wa Kikatoliki wanaandaliwa kwa kitubio cha kwanza, yaani kuungama dhambi, na Komunyo ya Kwanza, yaani kupokea mkate mtakatifu wa Misa, Ekaristi. Mwaka mzima somo la dini linakwenda huko. Wanajifunza Amri Kumi, Baba Yetu, Salamu Maria, sala ya kutubu, sakramenti saba, sehemu za Misa. Wanajifunza kuchunguza dhamiri: leo nimemfanyia nani ubaya, nilijua au sikujua, nilikusudia au iliniponyoka? Wanasomewa mfano wa mwana mpotevu na wa mchungaji aliyemfuata kondoo mmoja. Kwanza huungama kwa padri, kisha siku za Pasaka, mara nyingi Aprili au Mei, wanapokea, wasichana wamevaa magauni meupe. Kabla ya siku yenyewe wanafanya mazoezi kwa hostia, ule mkate mwembamba, ambayo haijawekwa wakfu, wajue ladha wasije wakakunja uso. Na wanapaka rangi kalenda ya Kanisa: zambarau Majilio na Kwaresima, nyeupe Noeli na Pasaka, kijani siku za kawaida, nyekundu Pentekoste na sikukuu za mashahidi.

Asiye Mkatoliki huwa anakaa na wenzake kwenye Misa ya skuli lakini hapokei. Mtoto wa mdogo wako, dada, atakuwa amekaa na wengine, amesikia, basi.

Huku kwetu ni tofauti. Komunyo kwa watoto wengi huja baadaye, miaka tisa au kumi, na mafundisho yapo parokiani kwa katekista, hayaendi na darasa la pili.

#10 Kinyasini1
Nilisikia kuwapa watoto wadogo Komunyo ni jambo jipya, lilikuja na ule Mtaguso wa Vatikani, mkutano mkuu wa maaskofu wao, miaka ya sitini.

#11 Binti wa Katekista (Wete)
Hapana kaka. Ni Papa Pius wa Kumi, tarehe 8 Agosti 1910. Zamani watoto wakingojeshwa mpaka miaka kumi, kumi na mbili, hata kumi na minne, watu wakidhani lazima waelewe kila kitu kama wazee. Yeye akasema umri wa kutambua ni miaka saba hivi: mtoto akiweza kutofautisha mkate wa kawaida na Ekaristi, asizuiliwe. Mtaguso ulikuja zaidi ya miaka hamsini baadaye. Ndiyo maana likaangukia darasa la pili kule. Ndiko iliko miaka saba na nane.

#12 Ustadh wa Jang'ombe
Subhanallah, miaka saba. Sisi pia tumeambiwa na Mtume (s.a.w.) tuwaamrishe watoto kusali wakifika miaka saba. Nimesomesha chuoni miaka mingi, na nashuhudia kuwa kwenye umri huo pana kitu kinafunguka kwa mtoto. Wa miaka mitano anarejea unachosema. Wa miaka saba anakuuliza "kwa nini?" Hivi hii haiwezi kuwa ndiyo sababu darasa la pili linafanana kila pahala?

#13 Kinyasini1
Shekhe, saba zinafanana lakini hukumu hazifanani. Kwetu mtoto wa saba anazoeshwa tu, kalamu haimwandikii mpaka abaleghe. Kwao, kwa maelezo ya dada hapo juu, wa saba anahesabiwa anaweza kukosa mpaka akaungame. Hiyo ni tofauti kubwa.

#14 Ustadh wa Jang'ombe
Umesema kweli, na mimi sikuzifanya hukumu kuwa moja. Nilisema umri.

#15 Zuwena wa Kikwajuni
Mimi nimesoma skuli ya masista, Muislamu, miaka ya tisini mwishoni, skuli za binafsi zilipokuwa zimesharudi. Nilikuwa nikitoka huko saa nane, saa tisa niko chuoni. Siku moja nikawa naosha vyombo huku naimba Baba Yetu yote, kutoka mwanzo mpaka amina, kwa sauti nzuri kabisa. Bibi yangu akatoka barazani akasimama mlangoni. Hakunipiga. Akanambia, "Sasa nisomee Ayatul Kursiy." Nikaisoma, nikakosea pahala pawili. Akasema, "Hii ya kwao umeihifadhi bila makosa, ya kwetu unakosea. Kesho utakaa na mimi baada ya Magharibi." Nimekaa naye miaka miwili. Leo namshukuru bibi na nawashukuru masista pia, kwani hao ndio walionizoesha kusikiliza kitu mpaka mwisho.

Kwa hivyo Mama Nassir, atachanganyikiwa au la, itategemea kama yupo wa kukaa naye Magharibi.

#16 Mhasibu wa Kiponda
Mnakwenda mbali. Sababu ni pesa. Mzazi anayelipa ada ndiye anayekagua daftari usiku. Chukueni watoto wale wale, wazazi wale wale, muwapeleke skuli ya serikali, watasoma vile vile.

#17 Ticha wa Dunga
@Mhasibu ninaye mtoto ambaye mama yake anauza urojo na hajui kusoma. Kila usiku anamwambia mwanawe "nisomee mimi, nataka kujua hadithi imeishia wapi." Mtoto huyo ndiye wa kwanza wangu. Pesa hapo iko wapi?

#18 Mhasibu wa Kiponda
Mmoja katika 74.

#19 Ticha wa Dunga
Ndiyo, mmoja, lakini yupo.

#20 Nahodha Mdogo
Mimi naona sababu ni namna ya kufundisha herufi. Mke wangu anasomesha skuli ya Kiingereza. Wanaanza na sauti ya herufi, si jina lake: mtoto haambiwi "em", anaambiwa "mmm". Kisha anaunganisha. Maneno yasiyofuata kanuni wanayakariri kwa kuyatazama, na Kiingereza kimejaa hayo. Darasa la pili lao linamaliza kazi hiyo, ndio maana binti anasoma hadithi.

#21 Ustadh wa Jang'ombe
Hiyo ni ya chuoni! Be fataha ba, be kasra bi, be dhumma bu. Alama na sauti, kisha kuunganisha. Sisi tunafanya hivyo karne na karne.

#22 Nahodha Mdogo
Kweli shekhe, ila chuoni anasoma lugha asiyoielewa. Anaweza kusoma ukurasa mzima na asijue kilichosemwa. Kule, sista akimaliza anauliza: nani alifanya nini, kwa nini, na wewe ungefanyaje?

#23 Zuwena wa Kikwajuni
Lakini na ile katekisimu ni maswali na majibu ya kukariri, Nahodha. "Nani aliyetuumba?" "Ametuumba Mungu." Tulikuwa tukisikia darasa la pili wakiimba wote pamoja mpaka dirisha likitetemeka. Kukariri hakukuwazuia kufahamu. Mimi nadhani kulizoesha masikio.

#24 Mwalimu Mstaafu (Mkoani)
Watoto wa sasa hamjataja jambo kubwa kuliko yote. Kiswahili ni rahisi kusoma kuliko Kiingereza. Herufi zetu hazidanganyi. Mtoto akishajua ba be bi bo bu na wenziwe, anasoma neno lolote hata asilopata kulisikia. Kwa haki, mtoto wetu ndiye angetangulia. Anapokwama ni kwenye silabi nzito: mbwa, nywa, kwe, na hasa ng na ng'. Nassir amekwamia "ng'ombe", amekwamia palipo pagumu kweli. Nimesomesha miaka thelathini na minne, kila mwaka wanakwamia hapo hapo, na kila mwaka mwalimu mgeni anawaona wajinga.

#25 Binti wa Katekista (Wete)
Shikamoo mwalimu. Kwa watoto wangu ni "Bwana asifiwe" wanaandika "Bana". Hiyo "bwa" inawatesa.

#26 Fundi Saleh
Jamani na saa je? Mama Nassir kasema binti amesema saa tisa na ilikuwa asubuhi. Hakukosea? Asubuhi ile ilikuwa saa tatu.

#27 Nahodha Mdogo
Hakukosea, kaitaja kwa kizungu. Wao wanahesabu tangu usiku wa manane, sisi tangu jua linapotoka. Mshale mfupi upo kwenye 9, sisi tunasema saa tatu. Ukitazama uso wa saa, namba iliyo mkabala na 9 ni 3. Mkabala wa 12 ni 6. Hivyo ndivyo nilivyowafundisha wanangu: soma mkabala wa mshale mfupi. Dakika hazibadiliki. Darasa la pili Marekani wanatakiwa waijue mpaka dakika tano tano, na hapo ndipo ile hesabu ya tano tano inapopata kazi.

#28 Fundi Saleh
Nina miaka 46 sikuwahi kuliona hilo la mkabala. Nimeinuka nikaenda kuitazama saa ya msikitini.

#29 Zuwena wa Kikwajuni
Na pesa zao, mama mdogo aliniletea sarafu: ya senti kumi ni ndogo kuliko ya senti tano. Watoto wa darasa la pili wanafundishwa wasiamini ukubwa. Wetu mia tano ikiingia mkononi wanaijua wenyewe, hawana haja ya mwalimu.

#30 Mpitanjia
Tumetoka kwenye dini tumeingia dukani.

#31 Mzazi wa Chake
Mimi naomba niseme la upande wa pili. Mwanangu nilimpeleka skuli moja ya kanisa, siitaji. Kusoma alisoma. Lakini Kiswahili chake kiliharibika, maana walikuwa wakimkataza kukizungumza hata uwanjani, na akisema neno anavishwa kibao shingoni. Miaka saba, kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yake. Nikamtoa. Mama Nassir, ukienda kuitazama skuli, usitazame ukuta wenye picha nzuri. Kaa uwanjani wakati wa mapumziko, usikilize watoto wanasema nini na kwa lugha gani.

#32 Binti wa Katekista (Wete)
Pole sana dada. Hilo silitetei. Kibao si mafundisho ya Kanisa, na baba yangu asingekivumilia.

#33 Ticha wa Dunga
Vibao nimeviona na kwa wengine wasio wa kanisa. Popote kilipo ni kosa.

#34 Mama Nassir (Fuoni)
Nimerudi. Jana nimekwenda. Ahsante Mzazi wa Chake, nimekaa uwanjani kama ulivyoniambia, wakati wote wa mapumziko. Watoto wanazungumza Kiswahili, wanagombania kamba, hakuna kibao. Darasa la pili wamo 38. Ukutani kuna mstari wa namba kutoka 0 mpaka 100, kuna saa ya kadibodi, kuna kalenda yenye rangi, na ilikuwa nyeupe kama alivyosema Binti wa Katekista. Nimemuuliza sista kuhusu dini. Amenambia Waislamu kipindi hicho wanakwenda chumba cha pili na mwalimu wa Kiislamu anayekuja mara mbili kwa wiki. Nikamuuliza, na siku asipokuja? Akanyamaza kidogo, akasema, "Wanasoma hadithi." Nimependa kuwa hakunidanganya.

Baba yake anasema kwanza amalize Amma, ndipo tuzungumze. Mama mkwe anasema hapana kabisa. Mimi sijui. Ada yenyewe ni karibu nusu ya mshahara wangu.

Ila tangu juzi kila usiku ananisomea mimi, kama mama muuza urojo. Namuuliza hadithi imeishia wapi. Leo kaniuliza "Mwanakwerekwe" linaandikwaje.

#35 Mwalimu Mstaafu (Mkoani)
Usimuandikie! Mpigie makofi silabi moja moja: mwa, na, kwe, re, kwe. Silabi tano. Muache aandike mwenyewe.

#36 Mhasibu wa Kiponda
38 kwa 74. Mimi sisemi kitu tena.

#37 Ticha wa Dunga
@Mama Nassir mlete siku moja Dunga aje akae darasani kwangu, aone wenziwe 74 wanavyokwamia ng'ombe.

#38 Mama Nassir (Fuoni)
Kaandika. "Mwanakwerekwe", na herufi kubwa mwanzoni. Kisha chini yake, bila ya kuambiwa, kaandika "ng'ombe", na kile kialama kakitia kikubwa kama mkuki.